Msusi wa Mashewa

Mashewa kuna wanawake wengi wanaojua kusuka, lakini ukisema unakwenda kwa Msusi hakuna atakayekuuliza yupi. Jina lake la nyumbani nililisikia nikiwa nimeshaolewa, na mpaka leo haliniingii. Kwangu ni Msusi, na nilipokuwa namwita nilimwita Mama, kama watoto wote wa upande wetu.

Alikuwa akisukia nyuma ya nyumba, pale ukuta unapotupa kivuli asubuhi. Yeye kwenye kigoda, wewe chini mkekani, kichwa chako kimebanwa katikati ya magoti yake. Kanga yake ilinukia mafuta ya nazi na moshi wa kuni. Alipoanza kuchambua nywele kwa chanuo la mti ulijiapiza kwamba leo hulii, na kabla hajamaliza kugawa njia usingizi ulikuwa umeshakuchukua. Mara nyingi mama yangu alipokuja kunichukua alinikuta nimelala, shavu juu ya paja la Msusi, na mikono yake bado inaendelea. Nimesukwa na mikono mingi tangu hapo. Hapa Handeni ninapoishi zipo saluni zenye vioo ukuta mzima, na wasichana wake wanasuka vizuri sana, siwezi kusema uongo. Lakini sijawahi kulala mikononi mwa yeyote kati yao.

Mwili wake ulikuwa na vinundu. Vingine vidogo kama punje za kunde, vingine vikubwa kama kunazi, vimejaa shingoni na mgongoni, vimeshuka mikononi mpaka karibu na vifundo. Usoni vilikuwa vichache, na kimoja kilikaa juu ya kope ya kushoto, kikalifanya jicho hilo lionekane kama linasinzia. Kati ya vinundu, ngozi ilikuwa na madoa mapana ya rangi ya chai ya maziwa. Viganja tu ndivyo vilivyokuwa laini, laini kuliko vya mtu yeyote ninayemjua.

Madoa alizaliwa nayo. Vinundu vilikuja alipopevuka. Watu walisema mengi. Wako waliosema ni ukoma, wako waliosema amerogwa na mke mwenza wa mama yake. Katika usichana wake alipelekwa hospitali kubwa, daktari akamwambia kwamba ni ugonjwa wa asili ya damu, watu wanaozaliwa nao ni wachache, hauambukizi wala hauna dawa ya kuuondoa. Katika maneno yote hayo alichagua moja akalishika maisha yake yote: hauambukizi.

Mtoto mpya alipoletwa kusukwa, akasita kukaa, Msusi hakumkemea. Alimnyoshea mkono.

"Gusa hapo," alimwambia. "Umegusa? Haya, tazama kidole chako. Kimehamia kwako?"

Mtoto anakitazama kidole, anatikisa kichwa.

"Vinundu vyangu havitembei, mwanangu. Vimenipenda mimi tu. Kaa tusuke."

Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao. Nakumbuka nilikikagua kidole mpaka jioni.

Kwa watu wazima alikuwa na njia nyingine. Siku moja alikuwa anamsuka binti aliyekuwa anaolewa, na shangazi wa binti huyo akaja kutoka Handeni kwa ajili ya harusi. Alipomwona Msusi alisimama mlangoni akasema, si kwa sauti kubwa lakini wote tukasikia, "Hivi hamkupata mtu mwingine wa kumsuka mwali? Huyu atamwambukiza."

Msusi aliweka chanuo mkekani, akajifuta mikono.

"Karibu dada," alisema. "Wanawake wote uliowakuta hapa nimewasuka mimi, na hao wenye watoto, watoto wao nimewasuka mimi. Zunguka. Fungua kanga zao, tazama shingo zao. Ukipata kinundu kimoja tu, mimi naondoka na harusi haitanisikia tena."

Shangazi akabaki pale pale. Mama mmoja mwenye utani akavua kanga ya kichwani akamwinamishia shingo, wengine wakacheka, na mwisho shangazi naye akacheka kwa aibu. Alasiri ile alikaa mkekani yeye mwenyewe, akasukwa mtindo wa twende kilioni, na alipoondoka aliomba asukwe tena siku ya kurudi kwao.

Alikuwa na neno kwa kila mtu, lakini kulikuwa na mambo ambayo hakuyafanya na sikumwelewa. Alisuka maharusi wote wa Mashewa na hakwenda kwenye harusi hata moja. Ngoma ilipopita njiani alisimama nyuma ya ukuta wake, akachungulia kazi yake inavyokwenda kichwani mwa mwali, akarudi ndani. Nywele zake mwenyewe zilikuwa zimekatwa fupi kabisa, hazikushika hata uzi. Kioo hakuwa nacho. Ukitaka kujua umetoka vipi, ulipapasa kwa vidole au ulimwuliza mwenzako. Aliwaambia wasichana waache kujitazama tazama, kisha yeye huyo huyo akachelewa kufungua mlango kwa sababu alikuwa anajipaka wanja.

Umbea aliupenda, ila wa marehemu peke yake. "Wazima wana masikio," alisema. Hivyo tuliwajua vizuri sana watu waliokufa kabla hatujazaliwa: nani alimwiba mke wa nani, nani alifungua duka likaliwa na ndugu zake. Kuhusu walio hai hakutoa neno, na ndiyo sababu wanawake walimwambia kila kitu. Kichwa kikishabanwa pale magotini, bila kuangaliana usoni, mtu anasema. Nilimsikia mama yangu akimwambia mambo ambayo mimi bintiye sijawahi kuambiwa mpaka leo.

Kwa mtu asiyeogopa macho ya watu, alikuwa mwoga wa jongoo kupita kiasi. Akimwona jongoo alipanda juu ya kigoda, akaita mtu wa kumwondoa, na ulikatazwa kumwua. "Mtoe tu, aende zake, nami niende zangu."

Mume aliwahi kuwa naye, hakukaa. Walizaa binti mmoja, mkubwa wangu kidogo, mpole, ambaye naye ana madoa ya chai mgongoni lakini vinundu havikumtokea. Msusi alimwogesha mwenyewe mpaka binti akaanza kuona haya. Watu walidhani ni mapenzi ya mama. Yalikuwa mapenzi, lakini pia alikuwa anamkagua. Binti aliolewa Korogwe mjini, na kila mara alipokuja kusalimia, mama yake alikuwa anampitishia kiganja shingoni kama anayemfuta jasho.

Korona ilipotajwa kwenye redio, mimi nilikuwa Handeni tayari, na habari za nyumbani nilizipata kwa simu ya mama. Mwanzoni habari za Msusi zilikuwa za kuchekesha. Shule zimefungwa, madukani kumewekwa ndoo za maji na sabuni, watu hawapeani mikono, na Msusi anawaambia wateja wake, "Mimi nimeambiwa naambukiza tangu nikiwa msichana. Leo na ninyi onjeni." Mama alinisimulia hayo akicheka, nami nikacheka. Nilijisemea kwamba katika watu wote wa Mashewa, huyu ndiye ambaye jambo hili halitamshinda, maana alishalizoea.

Sasa nadhani kulizoea ndiko kulikommaliza. Sisi wengine tulikutana na woga huo mara ya kwanza, tukaushangaa. Yeye alikuwa ameusukuma nje ya mlango wake kila siku kwa miaka yote, kwa maneno na kwa utani, na mikono ilishachoka.

Wateja walipungua. Waliobaki walikuja wamejifunga kanga mdomoni, na badala ya kusogea karibu kama zamani, sasa wanakaa kwa kujikunja. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kisha akafariki bibi mmoja wa jirani yetu, mtu mzima sana, kwa kukohoa na kukosa pumzi. Watu hawakujua ni nini hasa kilichomwua, na hakuna aliyepima. Lakini wiki ile ile Msusi alikuwa amemsuka mabutu. Kwenye msiba, mama anasema, Msusi alisimama mbali, nje ya uzio, na hakuingia hata kula.

Halafu binti yake akajifungua kule Korogwe, mtoto wa kike. Arobaini ilipoisha alimleta Mashewa kwa bibi yake. Msusi alimpokea mtoto, akamfungua nguo ili amwogeshe kama ilivyo desturi, na juu ya paja la kitoto hicho akayaona madoa. Alimaliza kuogesha, akampaka mafuta, akamfunga nguo, akamrudisha kwa mama yake. Hakumshika tena.

Kuanzia hapo simu za mama hazikuwa na kicheko. Msusi ameacha kusuka. Msusi anaosha mikono kwa sabuni na majivu mpaka inachanika na kutoa damu. Msusi halali, ukipita alfajiri unamkuta amekaa uani anasikiliza, na ukimwuliza anasikiliza nini anasema, "Wanakohoa." Nani wanakohoa? "Wote niliowasuka." Akikumbushwa kwamba bibi yule alikuwa mzee, kwamba waliosukwa naye siku ile ile wapo wazima, anakubali, anasema kweli, na baada ya muda mfupi anarudi kuosha mikono. Bada, ule ugali wa muhogo aliopelekewa na mama yangu, mama aliukuta mlangoni jioni haujaguswa.

Nilikwenda. Kutoka Handeni nilipanda basi mpaka Korogwe, kisha bodaboda mpaka nyumbani, na sikupumzika, nilipitiliza kwake. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kizingitini, amekonda hata nikaona vinundu vyake vimekuwa vikubwa, kumbe ni nyama iliyopungua.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Simama hapo hapo kwenye mpapai."

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe. Ndiyo maana nakwambia simama hapo."

Nikasimama. Aliniuliza habari za mume wangu na watoto, za mvua ya Handeni, kwa adabu yake ile ile. Sauti haikubadilika. Hicho ndicho kilichoniumiza, kwamba sauti ilikuwa ile ile iliyokuwa ikinilaza.

"Mama, kwa nini huli?"

"Nakula."

"Mama yangu amesema huli."

Alitazama mikono yake. Ilikuwa myeupe kwa majivu, na kwenye vidole kulikuwa na michaniko mibichi.

"Unakumbuka nilivyokuwa nawaambia?" alisema. "Kwamba vyangu havitembei?"

"Nakumbuka."

"Vilikuwa vinatembea. Vilinipita mimi vikaenda kwa binti yangu kimya kimya, vikampita binti vikaenda kwa mtoto. Mimi nimekaa hapa nawadanganya watu. Sasa kama hilo lilikuwa uongo, mengine je? Nimeshika vichwa vingapi?"

"Hiyo ni ya kurithi, Mama. Daktari alikwambia. Siyo sawa na kuambukiza."

"Akilini najua," alisema. "Ukinieleza nakuelewa. Lakini mwili hausikii. Nikimwona mtu anakuja, moyo unadunda kama nimeshika kisu. Naogopa kwamba nitamgusa."

Nilipiga hatua moja. Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Kutoka ndani aliniambia niende salama, nimsalimie mama yangu, na kwamba hajanikasirikia.

Aliyemtoa pale si mimi. Ni muuguzi wa zahanati, mama wa makamo ambaye aliambiwa habari hizo na mama yangu. Siku ya kwanza alisimamishwa kwenye mpapai kama mimi. Yeye hakubishana wala hakueleza lolote kuhusu vinundu. Alitandika kanga, akakaa chini pale pale aliposimamishwa, akauliza, "Tangu lini hulali?" Msusi akajibu. "Na ukilala kidogo, unaota?" Akajibu tena. Muuguzi alirudi mara kadhaa, kila mara akikaa pale alipoelekezwa, mpaka siku moja Msusi mwenyewe akamwuliza kama hiyo ndiyo kuwa kichaa.

"Hapana," muuguzi alimwambia. "Umeogopa muda mrefu kuliko mwili unavyoweza kubeba. Ni ugonjwa, na una dawa. Ule wa ngozi hauna, huu unayo."

Mama yangu anasema Msusi alilia aliposikia hivyo, kilio cha kwanza tangu mambo yaanze.

Binti yake alimchukua Korogwe, akampeleka hospitali kwa daktari wa magonjwa ya akili. Daktari aliwaambia kwamba mwaka ule umewaelemea watu wengi, na waliozaliwa na magonjwa adimu umewaelemea zaidi, kwa sababu wao walikuwa wamebeba mzigo wa kutazamwa kabla korona haijafika. Na kwamba kuona madoa kwa mjukuu wakati ule ule kungemwangusha hata mtu mwenye nguvu. Alimpa vidonge, akampangia kwenda kuzungumza naye. Mwezi wa kwanza hakukuwa na tofauti, na binti alikata tamaa. Baadaye Msusi alianza kulala. Baadaye akaanza kula. Kunawa kulipungua polepole, kukirudi siku akisikia habari mbaya, kisha kukipungua tena. Mjukuu alimshika alipokuwa ameshaanza kutambaa. Mtoto ndiye aliyemfuata, akampandia miguuni, na Msusi akabaki ameinua mikono juu muda mrefu kabla hajaishusha.

Lakini kusuka hakurudi. Mashewa hakurudi pia, isipokuwa kusalimia. Nyumbani kwake sasa anakaa mpwa wake. Nikienda kwetu napita pale. Mkeka haupo, na wanawake wa upande wetu wanasukwa kila mmoja kivyake, au wanakwenda mjini. Mama yangu amekata nywele. Nilimwuliza kwa nini, akasema hana mtu wa kuzungumza naye akiwa anasukwa, sasa azifuge za nini.

Mara ya mwisho nilimwona Msusi mwaka huu, bila kutarajia. Nilikuwa nimepita Korogwe hospitalini kumjulia hali shemeji yangu, na nilipotoka nikamwona kwenye benchi la barazani, upande wa kliniki. Amenenepa. Alikuwa amevaa dira jipya la rangi ya bluu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo ukae." Alijisogeza kunipisha nafasi, na bega lake likagusa langu, akaliacha.

Tulizungumza. Anakuja kuchukua dawa, vidonge amepunguziwa. Mikono inamtetemeka kidogo kwa sababu ya dawa, lakini hilo halimsumbui. Mjukuu anasema sana. Nilitaka kumwambia kwamba nimemkumbuka, kwamba hakuna siku ninayokaa kwenye kiti cha saluni nisimkumbuke, lakini maneno hayo nilipoyapanga yalikuwa kama lawama, nikayaacha. Nikamwambia tu kwamba mama anamsalimia.

Hapo akaja mwanamke mmoja, mfupi, amejifunga kanga mbili, anatembea kwa haraka kama anayejua anasubiriwa. Alipokaribia niliona shingo yake, kisha mikono yake. Ilikuwa na vinundu, vile vile, na madoa ya chai katikati. Sikuwahi kumwona mtu mwingine wa namna hiyo.

"Onga mshi," Msusi alimwamkia kwa Kishambaa, uso umemfunguka. Kisha akanigeukia. "Huyu ni mwenzangu wa Mazinde. Tulikutana hapa hapa kwenye benchi. Miaka yote hii nilidhani niko peke yangu, kumbe yuko Mazinde tu hapo, analima mahindi."

"Mimi nami nilidhani niko peke yangu," yule mama alisema, akakaa upande wa pili.

Walianza kuzungumza. Mwanzoni walinishirikisha, wakaniuliza hiki na kile, baadaye wakasahau. Yule wa Mazinde alipandisha mkono wa gauni akaonyesha kinundu karibu na kiwiko. Msusi akakibonyeza kwa kidole gumba, kwa uangalifu, akauliza kilianza lini. Kilianza alipobeba mimba ya pili. Msusi akasema vya kwake pia viliongezeka kwenye mimba, na kwamba kuna kimoja mgongoni hajawahi kukiona, anakijua kwa kukilalia tu. Mwenzake akasema hata yeye anacho cha namna hiyo, na wakacheka mpaka Msusi akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Nilikaa kwenye ncha ya benchi, mkoba magotini. Nilimjua mwanamke huyu tangu sijui kusoma, nimelala mapajani mwake miaka mingi, na cheko hilo nilikuwa nalisikia mara ya kwanza.

Basi la Handeni lilikuwa karibu kuondoka. Nikasimama, nikawaaga.

"Haya mwanangu," Msusi alisema, akaushika mkono wangu na kuuachia. "Nisalimie watoto."

Sikuwa nimefika kwenye ngazi alipokuwa ameshamrudia mwenzake. Nilimsikia akimwuliza, kwa sauti ya chini, kama na vya kwake huwa vinawasha mvua inapokaribia.

"Sana," yule mama alijibu. "Hasa vya mgongoni."

"Basi," Msusi alisema. "Nilidhani ni mimi tu."

Miaka yote ile, sikujua kwamba viliwasha.